Makadirio nayo yapimwe kabla ya kuaminiwa

Serikali na wafadhili hupanga matumizi ya fedha kwa kutegemea takwimu. Hilo ni jambo jema. Linalonisikitisha ni kuwa makadirio ya wataalamu hupokelewa kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni, na ni wachache wanaouliza yalivyopatikana.

Tuchukue mfano wa Ukimwi. Shirika la UNAIDS lilikadiria kuwa kufikia mwisho wa 2001, asilimia 15 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Utafiti wa kitaifa wa 2003, uliopima damu ya wake kwa waume katika maboma yao, ulipata asilimia 6.7.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa na miaka miwili peke yake. Makadirio ya awali yalitegemea zaidi damu ya waja wazito katika kliniki chache teule, kwa dhana kwamba hao wanawawakilisha watu wazima wote. Kumbe utafiti ulipata asilimia 8.7 miongoni mwa wanawake, na 4.6 tu miongoni mwa wanaume.

Siku hizi makadirio kama hayo hutumia mbinu iliyotokana na Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye andiko lake lilichapishwa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Mtaalamu huanza na dhana, kisha huirekebisha kwa ushahidi.

Mbinu hii naiunga mkono, lakini ina hatari yake. Hesabu hufuata modeli iliyopewa. Modeli ikiwa na kasoro, ushahidi zaidi wa aina ile ile humwongezea mtaalamu uhakika bila kumwonyesha kosa lake.

Dawa ipo. Mwanatakwimu Mmarekani Donald Rubin alieleza katika 1984 kuwa modeli yafaa kutakiwa ibashiri takwimu, kisha ubashiri huo ulinganishwe na takwimu zilizokusanywa. Vikitofautiana mno, modeli irudishwe karakanani.

Nami naongeza kuwa ipimwe pia kwa watu ambao haikuwahi kuwaona. Takwimu za kliniki zile zile zisingalifichua kosa. Wanaume na wanavijiji waliopimwa 2003 ndio waliolifichua.

Kwa hivyo nawasihi wakuu wetu, kila wanapoletewa makadirio, waulize: yamepimwa kwa nini, na nani? Kuuliza si ujinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na fedha za dawa zikipelekwa pasipostahili, atakayeumia ni mgonjwa.