Kijana Akianza Kusikia Sauti

Yako maradhi ambayo jamaa huyatangaza upesi, na mengine huyafunika. Mtoto akishikwa na homa, majirani wote hupata habari. Lakini kijana akianza kuzungumza peke yake, mlango hufungwa, na wazee huulizana kwa siri ni nani aliyemroga. Juma hili tuseme juu ya ugonjwa huo, ambao madaktari huuita skizofrenia.

Mara nyingi hauanzi kwa fujo. Huja polepole, hasa kati ya miaka 16 na 30, na kwa wavulana huelekea kuanza mapema kidogo kuliko kwa wasichana. Kijana aliyekuwa mcheshi hujitenga. Halali usiku, haogi, jembe na masomo vyamshinda. Nanyi mwamwita mvivu. Baadaye hudhani watu wanamsengenya au wanamtilia sumu katika chakula, tena husikia sauti za watu wasioonekana. Jueni kwamba hasemi uwongo: sauti hizo huzisikia kama wewe usikiavyo kengele ya kanisa.

Je, kumetokea nini? Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vidogo vyenye maji maangavu. Mwaka 1976, Dk. Eve Johnstone na wenzake, katika hospitali ya Northwick Park huko London, walipiga picha za ubongo wa wagonjwa kwa mashine mpya ya eksirei. Wakaona kwamba vyumba hivyo vilikuwa vipana kuliko vya watu wenye afya. Lakini wagonjwa wale walikuwa wameugua miaka mingi. Je, si dawa zilizowageuza? Basi baadaye wakapimwa vijana walioshikwa mara ya kwanza, na baadhi yao hawajameza dawa hata moja. Kwao pia tofauti ilionekana, ingawa ni ndogo: vyumba vipana kidogo, na nyama ya ubongo pungufu kidogo, hasa mbele na pembeni, penye kazi za kufikiri, kusikia na kukumbuka.

Lakini tusikosee. Tofauti hiyo huonekana wakipimwa watu wengi pamoja. Wako wagonjwa ambao picha zao hazina kasoro, na wako wenye afya ambao vyumba vyao ni vipana. Kwa hiyo picha peke yake haitambui ugonjwa huu. Yampasa daktari amsikilize mgonjwa na jamaa zake. Hata hivyo picha hizo zatufundisha jambo kubwa: huu ni ugonjwa wa mwili. Hakuuleta jirani, wala mama hakulea vibaya.

Basi ufanye nini? Usingoje. Kadiri mgonjwa akaavyo muda mrefu bila dawa, ndivyo kupata nafuu kunavyokuwa kugumu. Miezi inayopotea kwa kumtafuta mchawi hairudi. Usimfunge kamba, usimpige, wala usimcheke. Mpeleke kwenye zahanati au hospitali, ukaeleze mambo yalianza lini. Dawa za kutuliza sauti hizo zimetumika tangu 1952, na nyingine zimeongezwa baadaye. Asiziache kwa kuwa amejiona mzima, ila kwa shauri la daktari. Mwepushe na bangi, kwa maana humzidishia. Akisema atajiua au atamdhuru mtu, mpeleke siku ile ile.

Na sala? Salini sana. Lakini Mungu asikiaye sala zetu ndiye aliyempa binadamu akili ya kutengeneza dawa. Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na hospitali, naye alifungiwa pamoja na wenye wazimu kule Granada, akapigwa viboko. Alipotoka aliwafungulia wagonjwa nyumba, akawatunza kwa upole. Nawe unaye mgonjwa wako nyumbani: mfungulie mlango, umpeleke akatibiwe.