Miaka 15 Hadi 49 Haitoshi

Wadadisi wa utafiti wa kitaifa wa demografia na afya nchini Tanzania wanapobisha hodi, humuuliza mwanamke amezaa mara ngapi, alijifungulia wapi na anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Sharti awe na umri wa miaka 15 hadi 49. Binti wa miaka 12 aliyevunja ungo majuzi haulizwi kitu. Mama wa miaka 56 anayeamka usiku nguo zimelowa jasho, au aliyeanza kutokwa na damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, naye haulizwi.

Utafiti huo ulibuniwa kupima uzazi, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Kasoro ni kwamba mipaka yake imekuwa pia mipaka ya huduma. Kliniki humpokea mwanamke akiwa mjamzito, humpima damu, mkojo na presha, na kila kitu huandikwa kwenye kadi. Akishajifungua, kadi inayoendelea kujazwa ni ya mtoto. Hata kifo cha uzazi, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, huhesabiwa hadi siku ya 42 tu baada ya mimba kuisha.

Toleo hili la jarida linamfuata mwanamke maisha yake yote, na hoja yake ni moja: huduma ya afya ya uzazi ianze kabla ya mimba ya kwanza, na isikome hedhi inapokoma.

Nguvu ya kufanya hivyo ipo. Utafiti wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho vituo vingi vya afya vilipata vyumba vya upasuaji, na tangu 2022 mfumo wa m-mama umeenezwa nchini: familia inapiga 115, gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyeandaliwa anamfuata mama. Nchi iliyoweza hayo haiwezi kusema umri mwingine wa mwanamke uko nje ya uwezo wake.

Upande wa mabinti, mlango umeanza kufunguka. Rwanda ilianza kutoa kitaifa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2011. Tanzania ilifuata 2018 kwa wasichana wa miaka 14, Kenya 2019, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwenye hedhi yenyewe, mwendo umekuwa wa kusuasua. Sheria ya Kenya ya 2017 iliipa serikali wajibu wa kuwapa wanafunzi sodo bure, ilhali Tanzania ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirejesha mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba bei haikumshukia mtumiaji. Kama punguzo halikumfikia binti, dawa ilikuwa kutafuta njia ya kulifikisha.

Wapo watakaosema fedha ni chache, waokolewe kwanza wajawazito. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mwili ni mmoja.

Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba akiwa na miaka 24 yuko katika hatari kubwa zaidi ya presha, kiharusi na maradhi ya moyo atakapozeeka. Aliyepata kisukari cha mimba anaweza baadaye kupata kisukari cha kudumu. Habari hizo ziko kwenye kadi yake ya kliniki, na hakuna anayeifungua tena. Saratani ya mlango wa kizazi nayo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, tangu virusi viingie hadi uvimbe ukomae. Ndani ya miaka hiyo, muuguzi wa kituo cha afya mwenye siki, pamba na taa anaweza kuona mabadiliko kabla hayajawa saratani, na yakatibiwa. Bado wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam hufika ugonjwa umeshasambaa. Kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wengine, kuchelewa huko ni kuzito zaidi.

Kisha kuna ukomo wa hedhi. Huko pwani, somo au kungwi humpokea binti anapovunja ungo na kumfunda. Hedhi inapokoma, wengi huachwa wajielewe wenyewe: joto la ghafla, usingizi kukatika, ukavu ukeni, mifupa kupungua uimara. Damu inayotoka mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma inahitaji uchunguzi, kwa sababu inaweza kuwa saratani. Mara nyingi huitwa uzee tu.

Jarida hili haliombi hospitali mpya. Mama wa miaka 30 na zaidi anayempeleka mtoto chanjo apimwe mlango wa kizazi siku hiyohiyo, bila nauli ya pili. Kumbukumbu za mimba zake zihamie kwenye faili lake la kudumu. Na kwenye kliniki za presha na kisukari, ambako wanawake waliovuka miaka 50 tayari wanapanga foleni kila mwezi, muuguzi aongeze swali kwenye fomu yake: tangu hedhi ikome, umewahi kuona damu?