Karibu Sawa Si Sawa

Yako maneno mawili ambayo, lau ningekuwa na uwezo, ningeyafukuza katika kila karakana ya nchi hii: "Itaingia tu." Fundi huyasema akiwa na bolti katika mkono mmoja na nyundo katika mkono wa pili, mwenye chombo huyasikia akafurahi, kwa kuwa yanamwahidi kurudi nyumbani mapema. Mimi nayashitaki mbele yako, msomaji kijana, nawe nakuomba uwe hakimu.

Nenda Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, mahali pasifikapo kwa nyama. Tazama mnunuzi anavyosimama mbele ya mizani, jicho halipepesi. Muuzaji akimwambia, "Hii ni karibu kilo," atacheka, kisha atadai kipande kiongezwe. Walakini mtu huyo huyo, akitoka hapo na nyama yake kwenda kuchukua pikipiki yake kwa fundi, hupewa bolti iliyo karibu sawa, akalipa, akashukuru. Nyama ikipunguka ataona njaa jioni moja. Bolti ikikosea, huenda jioni yenyewe asiione.

Sisemi haya kwa kuhadithiwa. Babu yangu aliniachia pikipiki ya BSA M20, iliyoundwa Birmingham, Uingereza. Pikipiki za namna hiyo zaidi ya 120,000 ziliundwa kwa ajili ya majeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, vita vile vile vilivyowapeleka askari wa Afrika Mashariki kupigana katika nchi ya Burma mwaka 1944. Bolti moja ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu. Nilimpelekea fundi kijana, si mbali na soko. Akatwaa bolti ya milimita 8 iliyotoka katika pikipiki ya boda boda, akaikaza kwa spana aliyoirefusha kwa bomba. "Itaingia tu, mwalimu," akasema. Na kweli iliingia. Siku ya tatu, asubuhi, nilikanyaga breki ikashuka bure, na mbele yangu watoto wa shule walikuwa wakivuka. Niligeuza usukani nikaangukia mtaroni. Watoto walisalimika, mimi nina kovu gotini hata leo.

Kosa lilikuwa wapi? Bolti ya kale ilikuwa ya sehemu 5 katika 16 za inchi, yaani milimita 7.94. Kwa jicho, hiyo na ya milimita 8 ni ndugu. Lakini unene si kipimo pekee; yako na meno. Ile ya kale ilikuwa na meno 26 katika kila inchi, kipimo kilichowekwa zamani kwa baiskeli na pikipiki za Kiingereza. Kila mzunguko huingia pungufu kidogo ya milimita 1. Ile ya boda boda huingia milimita 1.25. Zungusha mara nne: bolti inadai milimita 5, na nati haijakubali hata 4. Hapo lazima mmoja auawe, ama meno ya bolti, ama ya nati. Ule ugumu ambao fundi huusikia mkononi akadhani imekaza vema, ndio chuma kinachoraruka.

Wala si kipimo kimoja tu kilichopita duniani. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake mwaka 1841, nacho kina meno ya pembe ya nyuzi 55. Meno ya milimita tunayoyatumia leo yana nyuzi 60. Hata spana hutofautiana: spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, na ya milimita huandikwa upana wa kichwa chake. Mwenye kutengeneza chombo cha kale bila kuyajua haya ni kama mtu asomaye barua ya lugha asiyoijua, akajibu.

Najua utetezi wenu. Mtasema, fedha hakuna, na bolti za Uingereza ni ghali. Sikilizeni. Baada ya kuanguka nilimwendea mzee mmoja aliyeketi na debe la bolti kuukuu. Alitwaa bolti yangu ya kutu na nyingine ya debeni, akaziweka meno kwa meno, akazinyanyua mbele ya jua. Mwanga ukapenya katikati. Akaitupa ile ya debe. "Mwalimu, usiniulize mimi, uliza jua," akasema. Alitupa thelathini na zaidi. Hatimaye moja ikalala juu ya mwenziwe, mwanga usipate njia. Nikaikaza kwa vidole hadi mwisho, bila spana. Kipimo kile hakikumgharimu hata senti, kilimgharimu subira.

Wengine watasema, basi tundu lichongwe upya, litiwe meno ya milimita. Huko ni kuondoa chuma kisichorudi, na kumdanganya fundi wa kesho atakayefuata kitabu cha chombo. Wengine huchagua bolti kwa kung'aa. Tazameni kichwa chake kwanza: bolti ya milimita iliyoandikwa 8.8 imetaja nguvu yake. Ile isiyoandikwa kitu haikuahidi kitu. Msiitundike breki juu yake.

Je, namlaumu kijana yule? Kidogo. Lawama kubwa ni yetu sisi walimu. Tumewafundisha watoto kugawanya 5 kwa 16 ubaoni, wakapata alama, wala hatukuwaonyesha kamwe kwamba sehemu hiyo ina uzito, ina meno, na inaweza kuua. Tumewapa kupita mtihani kwa jibu lililo karibu, kisha tunashangaa wakijenga nyumba karibu imara na kutia dawa karibu ya kutosha.

Kwa hiyo hukumu naiacha kwako. Kesho okota bolti mbili, ziweke meno kwa meno, uzielekeze juani. Ukiona mwanga unapenya, itupe moja, hata kama fundi anaharakisha, hata kama mteja anapiga kelele, hata kama fundi huyo ni wewe.