Hema la nini? Twendeni Uluguru na turubai

Najua nimeadimika, test zimetubana kinoma mwezi huu na kudesa nako kuna mwisho wake. Ila leo kuna jambo linanikera, na nisipolitoa hapa litanichachia tumboni.

Kikundi chetu cha kupanda mlima kimebandika tangazo la safari ya likizo. Siku nne, tunapandia upande wa Mgeta, tunafika Lukwangule, tunashukia upande mwingine. Safi sana. Sasa soma sharti la tatu: kila mshiriki aje na hema lake, lenye sakafu. Aliyeandika hilo neno "lenye sakafu" kalipigia na mstari chini.

Jamani. Nusu ya darasa letu la Wanyamapori hawana hema na hawatakuwa nalo mpaka wamalize chuo. Boom likitoka lina kazi zake: chumba, msosi, kutoa kopi, na kwa wengine mdogo wake nyumbani anasubiri ada. Hema la maana bei yake unakula kantini wiki kadhaa. Kwa hiyo sharti la tatu, hata kama halikukusudiwa hivyo, linasema mlima ni wa wenye nacho. Na mlima wenyewe uko hapo nyuma ya chuo, unauona ukitoka maktaba!

Hoja yangu ni kwamba sharti hilo ni bovu hata tukiweka hela pembeni. Kwa Uluguru, turubai tupu lisilo na sakafu, likiwa na chandarua ndani, linalishinda hema la bei rahisi karibu kila mahali. Pale linaposhindwa nitapataja, msiwe na wasiwasi.

Kwanza mjue hili si jambo la kimaskini. Kule Marekani wako wawindaji wa milimani wanaotembea kwa miguu siku nyingi mbali na barabara, kila kitu kipo mgongoni, na wakibahatika kupata mnyama nyama nayo inarudi mgongoni. Wengi wao wameacha hema lenye sakafu. Wanabeba kitambaa chepesi cha nailoni kilichopakwa silikoni, wanakisimamisha kwa mti mmoja katikati kama pia iliyogeuzwa, chini ni udongo. Unaingia na buti zako zenye tope wala huna cha kuchafua. Kampuni moja iliyoanzia Colorado inayowatengenezea vitu hivi inaitwa Kifaru. Ndiyo, Kifaru, Kiswahili kabisa, na sisi wenye Kiswahili chetu tunabandika matangazo ya kudai sakafu.

Hapa kwetu uwindaji wa kitalii ni wa magari. Turubai zito la kijani, vitanda, meza, mpishi. Uzito si tatizo la mtu yeyote kwa sababu Land Cruiser haina mgongo wa kuuma. Na ndani ya Uluguru uwindaji hauruhusiwi kabisa, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008. Kwa hiyo anayebeba malazi yake mgongoni kuingia msituni nchi hii ni nani? Ni askari wa doria, ni mtafiti wa ndege, ni sisi wanafunzi tunaokwenda kuhesabu mitego ya wawindaji haramu na kumsubiri yule ndege mwenye kichwa cheusi na tumbo la njano ambaye duniani kote yupo Uluguru peke yake. Tunawinda kwa daftari na darubini, ila shida ya mgongo ni ile ile ya mtu wa Colorado.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Yale mahema ya mviringo ya watu watatu yanayouzwa mitumbani na madukani yanafika kilo tatu na zaidi, na hapo bado hayajalowa. Turubai la plastiki la mita 4 kwa 3, lile jepesi la duka la vifaa vya ujenzi, ni kilo moja na kidogo. Ongeza chandarua nusu kilo, kamba, plastiki ya kutandika chini. Unalaza watu watatu na bado uko chini ya hema. Kutoka hapa chuoni, karibu mita 500 juu ya bahari, mpaka Lukwangule inayozidi mita 2,400, kila kilo unayoiacha nyumbani utaikumbuka kwa furaha kwenye magoti. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mimi nikipewa kuchagua nabeba maji.

Halafu mvua. Mteremko wa mashariki, kule Kinole na Tegetero, unapokea mawingu ya Bahari ya Hindi moja kwa moja na mvua yake kwa mwaka inapita milimita 2,500 bila shida. Hakuna mwezi ambao unaweza kusema sasa pamekauka. Watetezi wa sakafu wanasema ndiyo maana sakafu inahitajika. Mimi nasema wameangalia maji ya upande mmoja tu. Hema la bei rahisi linavuja kwenye mishono ya juu, na maji yakishaingia sakafu inayakumbatia kama beseni. Mwaka jana nilimshuhudia mshikaji wangu mmoja wa Misitu saa tisa usiku anachota maji ndani ya hema lake kwa kikombe cha chai. Sakafu yake ilikuwa nzima kabisa! Ndiyo iliyokuwa tatizo. Chini ya turubai maji yakiingia yanapita yanakwenda zake, wewe unasogeza mkeka wako hatua moja unaendelea kulala.

Na kuna maji ambayo hayatoki mawinguni. Pumzi za watu watatu waliofungiana ndani ya nailoni usiku wa baridi zinageuka matone kwenye ukuta, asubuhi blanketi limelowa na mvua haikunyesha. Turubai lina uwazi kwa chini, hewa inapita, unyevu unatoka. Ukungu wa Uluguru ukikukuta nao utakulowesha kidogo, sikatai, lakini afadhali hivyo kuliko kulowana kwa pumzi ya jirani yako aliyekula vitunguu.

Ila turubai halijipangi lenyewe, hapo ndipo wengi wanapolionea. Wanalifunga juu kama la kwenye msiba, halafu upepo ukileta mvua ya pembeni wanasema turubai baya. Funga kamba moja kati ya miti miwili, usawa wa kiuno tu, lilaze kama mgongo wa paa la nyumba, pembeni lishuke mpaka kiganja kimoja kutoka ardhini. Ubavu mpana uelekee kunakotoka upepo. Kwenye kamba, kabla haijafika kwenye turubai, ning'iniza kauzi kadogo ka pamba: maji yanayotembea na kamba yatadondokea hapo badala ya kuingia kwako. Vile vitundu vya chuma vya pembeni vya turubai la bei rahisi vinang'oka, kwa hiyo funga kokoto kwenye kona ya turubai kwa nje ya kamba, kama unavyofunga fundo la khanga yenye hela, kisha kamba ishike shingo ya hilo fundo. Haing'oki.

Sehemu ya kulala ndiyo nusu ya malazi. Tafuta mgongo kidogo wa ardhi, usilale kwenye kibonde kwa kuwa tu ni tambarare na majani yake ni laini. Ulaini ule umeletwa na maji. Na tafadhali msichimbe mitaro kuzunguka. Ule mteremko udongo wake ukifunguliwa unaondoka na mvua ya kwanza, na ni hifadhi. Miti ya kusimamishia turubai nayo haikatwi. Beba fimbo mbili za mianzi kutoka chini. Mchana zinakusaidia kutembea, usiku zinasimamisha nyumba.

Sasa wadudu. Hapa ndipo watu wa sakafu huwa wanashangilia, na siafu ni hoja ya kweli, sitaipuuza. Msafara wa siafu ukipita usiku hauangalii kama una digrii. Ndiyo maana nasema turubai NA chandarua. Kining'inize chini ya kamba ya katikati, kile cha mstatili chenye dawa, pindo zake zote uziingize chini ya mkeka au plastiki uliyolalia. Hapo umepata ukuta na umepata sakafu. Mbu haingii, na hili si dogo, maana Mgeta juu kuna baridi lakini safari inaanzia na kuishia mabondeni ambako malaria ipo. Nge na nyoka nao watapita nje ya pindo. Siafu je? Kabla hujatandika zunguka na tochi uone kama kuna njia yao, angalia hasa siku za mwanzo wa mvua. Wakija kweli, dawa ni moja kwa wote: kuondoka. Mwenye turubai anainua chandarua anatoka upande wowote. Mwenye hema anatafuta zipu gizani huku anaumwa.

Wengine wanasema kama hatuna hema basi tulale kwenye vibanda vya zamani vya udongo njiani. Hapana! Bora nje. Sakafu ya udongo ya kibanda kilichokaliwa zamani ndiyo makazi ya papasi, na papasi wanaleta homa ambayo inapoa, unafikiri umepona, halafu inarudi.

Jambo moja naomba nilisisitize kwa sababu linaua. Wale wawindaji wa Marekani wanaingiza jiko jembamba la kuni ndani ya malazi yao, lenye bomba linalotoa moshi nje juu ya paa. Mtu akiona picha anasema kumbe, na sisi tuingize jiko la mkaa. Mdau, usithubutu. Jiko letu la mkaa halina bomba. Mkaa unaowaka taratibu bila moshi unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasikia usingizi mtamu na huamki. Usiingize jiko kwenye hema, na usijidanganye kwamba chini ya turubai kuna uwazi, maana usiku wa baridi utalishusha mpaka ardhini. Plastiki yenyewe nayo inashika moto. Chai ipikwe nje, tena pale waliporuhusu.

Baridi sasa, na hapa nakubali kushindwa kidogo. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Kama usiku wa Julai hapa mjini ni nyuzi 16, piga hesabu mwenyewe: Lukwangule ni nyuzi 4 au 5. Na kule juu ni nyanda ya majani, upepo unapita bila kizuizi, miti ya kufungia kamba ni ya kutafuta. Usiku huo mmoja hema zuri, narudia zuri, linalishinda turubai langu. Lakini ni usiku mmoja kati ya mitatu, na hata huo unapitika: shusha upande wa upepo mpaka chini uukandamize kwa mawe, lala watatu mkibanana, na weka kitu kinene chini. Baridi ya ardhini ndiyo inayoua usingizi, na sakafu ya hema, kile kikaratasi cha plastiki, haiizuii hata chembe. Godoro jembamba la sponji au gunia mbili zilizojazwa nguo ndiyo kazi yake. Mwenye hela ya ziada aiweke hapo na kwenye blanketi.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa safari: sharti la tatu lisomeke kwamba kila mtu aje na malazi yasiyovuja, godoro na chandarua, mkague siku moja kabla pale uwanjani tukiyafunga mbele yenu. Anayeshindwa kufunga abaki, awe na hema au turubai. Hiyo ndiyo haki, maana nimeshawaona wenye hema za bei mbaya wasiojua kigingi kinaingia upande gani.

Turubai langu la mita 4 kwa 3 lipo, chandarua kipo, tuko wawili na nafasi ya mtu wa tatu bado. Asiye na hema anitafute hosteli jioni baada ya msosi. Fimbo za mianzi aje nazo mwenyewe, na asiwe anakoroma.