Enda uone barafu ya Mlima Kenya kabla igeuke stori

Wasee, leo nina neno na wewe ambaye umefika Diani mara tano na hujawahi kukanyaga Mlima Kenya. Enda. Na usiniambie "siku moja", kwa sababu hiyo siku moja barafu haitakuwepo.

Mimi nilienda Februari na mbogi yangu. Tulipitia Naro Moru, tukalala Met Station, kama mita 3,050. Kesho yake tukapambana na lile tope wanaloita Vertical Bog hadi Mackinder's, mita 4,200. Saa tisa usiku tukaamka, tochi kichwani, pumzi hakuna. Manze, unapiga hatua kumi unasimama kama babu. Kulipokucha tulikuwa Austrian Hut, karibu mita 4,790, mahali unaangalia barafu ya Lewis ikiwa pale chini yako.

Nitasema ukweli: nilivunjika moyo. Nilitarajia ukuta mweupe kama wa kitabu cha Jiografia. Nikaona kipande cha kijivu kimelala kwenye mawe kama shuka iliyoraruka. Nikamuuliza jamaa aliyetuongoza, "Ni hiyo tu?" Hakujibu. Aliinua fimbo, akaonyesha mawe matupu juu kabisa ya barafu. "Nikianza hii kazi, ilikuwa inafika hapo." Na huyo si mzee. Watoto wake bado wako shule.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake Gregory ilishaisha kabisa. Na Lewis ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa huo mlima.

Sasa kuna wale watasema, "Kwani tuende kupiga selfi na maiti?" Nawaelewa. Wengine wanatisha watu ati barafu ikiisha, Tana inakauka kesho. Hiyo si kweli. Maji mengi ya mito yetu yanatokana na mvua na msitu wa huo mlima, si kile kipande cha barafu. Na hapo ndipo stori inatuhusu. Barafu sisi pekee hatuwezi kuirudisha. Moshi mwingi uliochoma dunia haukutoka kwetu. Lakini msitu uko mikononi mwetu. Ukishuka kutoka kule juu, ukapita kwenye mianzi na ile miti mikubwa, huwezi tena kusikia habari ya moto au ya miti kukatwa ukapita tu kama umeona tangazo.

Kwa hivyo anza kuweka doh kidogokidogo. Tafuta kiongozi anayejua njia, lala usiku wa ziada uzoee hewa, na kichwa kikigonga vibaya, shuka. Hakuna aibu.

Mwaka wa 1849, Ludwig Krapf aliuona huu mlima akiwa Kitui, akasema una theluji. Wasomi wa Ulaya wakakataa: theluji, karibu na ikweta? Haiwezekani. Sasa fikiria wewe na mtoto wako miaka ishirini ijayo, unamwambia Kenya ilikuwa na barafu ya kudumu. Atacheka, aseme unamdanganya.

Mimi nitamjibu, "Niliiona." Wewe utasema nini?