Wana Shasha, tujitibu ngozi siku moja

Wananchi wenzangu wa Shasha, nanyi majirani wa Sake, Kirotshe na Bweremana,

Upele hauponi kwa mtu mmoja. Unapona kwa nyumba nzima, na katika kijiji kama chetu, ambako watoto watatu wanalala kitanda kimoja na kushinda uwanja mmoja, unapona pale nyumba kumi zinapojitibu kwa pamoja. Ombi langu kwenu ni hilo: tuchague siku moja, tujipake dawa wote, na tuache kumpaka mtoto pomade ya kwanza tunayoikuta sokoni.

Vita vilipofika Shasha Februari 2024, wengi wetu tulikimbilia upande wa Goma. Tuliishi Bulengo, Lushagala na kwingineko, familia nzima ndani ya kibanda kimoja cha turubai, maji ya kuoga yakipimwa kwa kidumu. Kidudu cha upele kinataka ngozi iliyokaa karibu na ngozi nyingine, na pale kambini kilipata kila kitu. Hata anayeoga asubuhi na jioni hukipata. Kwa hiyo tukome kunong'ona kwamba mama fulani ni mchafu kwa sababu mwanawe anajikuna. Aibu hiyo ndiyo inayowafanya watu wafiche ugonjwa hadi watoto wote wa nyumba waushike.

Mwangalie mtoto usiku, kwa tochi ya simu. Muwasho wa upele huchacha anapoingia kitandani. Tazama katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, makalioni: utaona vipele vidogo, na pengine kamstari kembamba kama uzi. Hapo jike amechimba chini ya ngozi na kutaga mayai. Anayekipata kidudu hiki mara ya kwanza huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Dada anayelala pembeni yake anaweza kuwa nacho tayari bila kujikuna hata mara moja. Ukimtibu kaka peke yake, dada atamrudishia. Na vidonda vya kujikuna vikiingiwa na vijidudu vingine, vinaweza hata kudhuru figo za mtoto.

Sasa niseme juu ya ile pomade. Sokoni kuna tyubu zinazouzwa kwa kila ugonjwa wa ngozi: upele, choa, chunusi, hata kung'arisha uso. Nyingi zimechanganywa na steroidi kali, kama klobetasoli au betametasoni. Mtu akipaka leo, kesho muwasho umetulia, naye anasifu dawa. Lakini steroidi imetuliza mwili tu, kidudu kimebaki hai na kinazaana kwa raha, na vipele vinabadilika sura hata muuguzi anashindwa kuvitambua. Choa nacho hutambaa vivyo hivyo chini ya dawa hiyo. Ukiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi isiyofutika, na ukipaka karibu na macho unahatarisha kuona kwako. Nawaomba wenye maduka ya dawa, mlio ndugu zetu na mnaoaminiwa kuliko daktari: msitoe tyubu hiyo bila karatasi ya kituo cha afya. Faida yake ni ndogo kuliko hasara ya uso wa msichana wa miaka kumi na minne.

Steroidi yenyewe si adui. Kuna pumu ya ngozi, ile ekzema inayokaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mara nyingi kwa mtoto mwenye pumu ya kifua katika ukoo. Hiyo haiambukizi hata kidogo, na mwalimu asimfukuze mtoto huyo darasani. Dawa yake ya kila siku ni mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini, yapakwe mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, na sabuni kali iwekwe mbali. Inapowaka, muuguzi anaweza kuandika steroidi ya nguvu inayofaa, kwa siku zinazohesabika. Vipele vikija pamoja na homa na matezi yaliyovimba, hasa vikiwa na maji ndani, usipake chochote. Nenda kituoni siku hiyohiyo, maana mpox imekuwa nasi Kivu tangu 2023.

Je, kujitibu pamoja kunafaa kweli? Huko visiwa vya Fiji watafiti walilipima jambo hili, wakachapisha majibu mwaka 2015. Mahali ambapo jamii nzima ilimeza ivermektini, wagonjwa na wazima, upele ulishuka kutoka watu 32 katika kila 100 hadi chini ya 2 baada ya mwaka mmoja. Mahali ambapo walitibiwa wagonjwa na watu wa karibu yao tu, karibu nusu ya upele ulibaki. Ivermektini ndiyo ile Mectizan inayogawiwa nchini kwetu dhidi ya upofu wa mtoni. Haimezwi na mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15, kwa hiyo ni muuguzi anayeamua nani apewe ipi. Kwa wengi wetu dawa itakuwa ya kupaka, permethrini au benzoeti ya benzili, kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha na kwenye kinena, kisha kurudia baada ya wiki moja au mbili kama tutakavyoelekezwa. Siku ya kujipaka, nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, na yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko siku kadhaa. Muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne hata kidudu kikiwa kimekufa. Msikate tamaa mkarudi kwenye ile tyubu.

Akina mama wa likelemba, mnaochangishana kwa zamu, mzunguko mmoja ununue dawa ya nyumba kumi, kwa bei ya jumla. Mapadre na wachungaji, tangazeni siku hiyo madhabahuni. Reko wetu, wahudumu wa afya wa kijiji, wapite mlango kwa mlango kuandika majina, wajawazito na wachanga wakitajwa mapema. Nanyi wakubwa wa zone ya afya ya Kirotshe, na mashirika mnaotuletea msaada, dawa ya upele isikosekane kwenye orodha yenu. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliuingiza upele kati ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na Mei 2025 nchi za dunia zilikubaliana Geneva kwamba magonjwa ya ngozi yapewe uzito. Huko Moshi, Tanzania, kuna chuo cha ngozi pale hospitali ya KCMC ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Tutafutieni nafasi hata ya muuguzi mmoja wa kutoka kwetu.

Jumapili hii baada ya ibada, mwulizeni mkubwa wa nyumba kumi zenu ni siku gani iliyochaguliwa. Kama bado, ichagueni naye palepale kabla hamjatawanyika.