Kabla ya kulipia seva kubwa zaidi, pima kache uliyo nayo

Ukishuka matatu pale Dagoretti Corner, Naivasha Road inapokutana na Ngong Road, hauko mbali na makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kazi ya watu hao ni kusoma vipimo kwa saa zilizopangwa, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya jua kali pia wanaandika: sufuri. Ndiyo maana mvua kubwa ikija, wanaweza kukwambia kama ni ya kawaida au imepita kiasi. Aliyeanza kupima siku ya mafuriko hana cha kulinganisha.

Kwenye barabara hiyo hiyo ya Ngong, hasa tangu iHub ifunguliwe mwaka wa 2010, vijana wengi wamejaribu kula kwa jasho la kompyuta. Wanatengeneza maduka ya mtandaoni, mifumo ya shule, tovuti za tiketi. Wengine wana ofisi, wengine wana laptopu na meza ya kukunja ndani ya bedsita. Uliza mmoja wao kache yake inaendelea aje, atakwambia, “Iko poa.” Umejuaje? Hapo utasikia kimya.

Msimamo wangu ni huu: fundi yeyote anayemwambia mteja alipie seva kubwa zaidi, kwanza aonyeshe takwimu za kache. Kama hana, anabahatisha na pesa za mtu mwingine. Na pesa hizo mara nyingi hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Biashara ndogo haiwezi kubeba ubahatishaji wa bei hiyo.

Kwa asiyejua, kache ni kama kibanda cha mama mboga stejini. Mama hakimbii Marikiti kila mteja anapotaka nyanya mbili. Vitu vinavyouliwa sana anaviweka karibu. Mteja akipata, anaenda zake. Akikosa, mtu atumwe sokoni, na safari hiyo ni ndefu. Kibanda nacho kikijaa, lazima kitu kiondolewe ili kingine kipate nafasi. Memcached, iliyoanzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka wa 2003 kwa ajili ya LiveJournal, inafanya kazi hiyo kwa data. Soko la mbali ni hifadhidata yako.

Ukiipa Memcached amri ya stats, inakujibu kila kitu: get_hits ni waliopata, get_misses ni waliokosa, evictions ni vitu vilivyofurushwa kwa kukosa nafasi. Wengi wetu tukikumbuka sana tunaiuliza mara moja, tunaona asilimia 95 wamepata, tunalala usingizi mzuri.

Hapo ndipo shida inaanza, kwa sababu namba hizo ni jumla tangu seva iwashwe. Chukua mfano. Kache imeulizwa mara milioni 10 na imejibu milioni 9.5. Hiyo ni asilimia 95. Kisha saa moja jioni watu wanafika nyumbani, na ndani ya saa moja tu yanakuja maombi 100,000. Yanayojibiwa ni 40,000 pekee. Sitini kati ya kila mia yanaangukia hifadhidata, ukurasa unazunguka tu, mteja anachomeka bando bure. Angalia jumla sasa: bado ni asilimia 94 na kitu. Kwa karatasi uko sawa, kumbe nyumba inaungua.

Dawa yake ni ajenti, na simaanishi wa M-Pesa. Ni programu ndogo inayokaa kwenye seva, inasoma namba hizo kila baada ya muda mfupi na kuzituma mahali pengine zihifadhiwe. Collectd, kwa mfano, usipoibadilisha husoma kila sekunde 10. Ukitoa kipimo cha awali kutoka kwa cha sasa, unapata kilichotokea katika kipindi hicho, si historia ya mwezi mzima. Na kwa sababu namba zinahifadhiwa kwenye mashine nyingine, seva ikizima usiku utajua ilikuwa na hali gani kabla haijazima.

Ukiwa na mchoro wa wiki moja tu, mabishano yanaisha. Waliokosa wanaongezeka na waliofurushwa pia wanaongezeka? Kibanda ni kidogo, ongeza nafasi. Waliokosa wanaongezeka lakini hakuna anayefurushwa? Basi nafasi haina makosa. Pengine muda wa kuhifadhi ni mfupi mno, au kila mteja anaulizia kitu chake tofauti. Hapo hata ukinunua seva mara tatu, hakitabadilika kitu.

Tena kuna jambo la kuudhi zaidi. Usipoipa maagizo mengine, Memcached hujitengea megabaiti 64 pekee. Unaweza kukodi mashine ya gigabaiti 16 na kache ikabaki imejikunja kwenye kona yake ile ile. Ajenti atakuonyesha limit_maxbytes ni 67108864. Hizo ndizo megabaiti 64. Kubadilisha mstari mmoja hakugharimu shilingi.

Najua jibu la wengi: “Sisi ni watu watatu tu, mambo ya kupima ni ya benki na Safaricom.” Mimi naona kinyume. Benki ina pesa ya kufunika kosa, wewe huna. Collectd, Telegraf na Prometheus ni za bure. Hofu nyingine ni usalama, na hiyo ni ya haki. Tarehe 28 Februari 2018, GitHub ilishambuliwa kwa mawimbi ya terabiti 1.35 kwa sekunde, kupitia seva za Memcached zilizoachwa wazi mtandaoni. Lakini hiyo ni sababu ya kumweka ajenti ndani ya mashine yenyewe, aulize kutoka ndani, na mlango nambari 11211 ubaki umefungwa kwa dunia.

Nchi hii tayari inajua faida ya kuweka vitu karibu. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kusimama imara mwaka wa 2002, barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi ingeweza kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti. Utafiti uliochapishwa na Internet Society mwaka wa 2012 ulionyesha safari hiyo imeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na kampuni za intaneti zilikuwa zikiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Tunazijua namba hizo kwa sababu kuna watu walipima. Wangesema tu “iko poa,” nani angewaamini?

Kwa hivyo, wewe unayelipa, ukiambiwa seva imekuwa ndogo, omba mchoro wa siku saba: waliopata, waliokosa, waliofurushwa. Ukikosa kuonyeshwa, shika pesa yako. Na wewe fundi, weka ajenti wiki hii, wakati kila kitu kimetulia na hakuna anayekupigia simu. Kipimo cha siku tulivu ndicho kitakachokutetea siku mambo yakiharibika na kila mtu akikuelekezea kidole.